Kuni za Kando ya Barabara: Uliza Kabla ya Panga Kugusa

Maneno haya yalitolewa na afisa wa mazingira katika baraza la wananchi Fort Ternan, Kipkelion Magharibi. Tunayachapisha kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kufika.





Ilipotangazwa kwamba leo nitazungumza kuhusu kuni, mzee mmoja aliyeketi hapo mbele alicheka. Akaniuliza, "Kijana, hata kuni nazo zinahitaji afisa?" Nami nikamwuliza, "Mzee, tangu Januari umeketi mara ngapi kuamua kesi ya kuni?" Akahesabu vidole vya mkono mmoja, akahamia mkono wa pili, kisha akasema, "Haya, endelea." Basi naendelea kwa ruhusa yake.

Kuni si jambo dogo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya, asilimia 55 hivi, hupika kwa kuni. Huku mashambani hesabu iko juu zaidi. Gesi imefika sokoni, ndiyo, lakini mtungi ukiisha katikati ya mwezi tunarudi kwenye mafiga. Na si kila nyumba ina shamba lenye miti. Yuko anayepanga chumba hapa kituoni, yuko mjane mwenye robo ekari, yuko kibarua wa kukata miwa ambaye hana hata mti wa kivuli. Hao wote huangalia mahali pamoja, nako ni kando ya barabara.

Sikuja kuwakataza kuokota kuni. Nimekuja tukubaliane namna ya kuziokota bila kuvunja sheria na bila kuvunja ujirani.

Kisa cha mgrevilea mmoja

Nianze na kisa. Sitataja jina la mtu wala la kijiji, maana waliohusika ni watu wazuri.

Upepo wa usiku uliangusha mgrevilea uliokuwa mpakani mwa shamba. Shina lililala juu ya fensi, kilele kikafika mtaroni, karibu na lami. Alfajiri mama mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa aliuona. Alirudi nyumbani akachukua panga, akamwamsha mwanawe aje na shoka. Kufikia saa tatu walikuwa wamekatakata kila kitu, matawi na shina, vipande vya urefu wa mkono, na wamefunga mizigo minne.

Mwenye shamba alikuwa ameenda Kipkelion. Aliporudi alikuta maganda na vumbi la mbao. Mti ule alikuwa ameupanda mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake. Alikuwa ameshapatana na mpasuaji mbao, na mbao zenyewe zilikuwa za kuezekea nyumba ya kijana huyo.

Mama naye alikuwa na maneno yake. Alisema mti ulianguka barabarani, barabara ni ya serikali, na serikali ni wananchi. Alisema pia kwamba kama angesubiri, mwingine angeuchukua. Maneno yakapanda. Vijana wakaanza kukusanyika, na mmoja wao akatamka neno "mwizi". Mnajua neno hilo likishatamkwa barabarani huvuta nini nyuma yake. Bahati nzuri mzee wa kijiji alifika kabla ya mtu yeyote kuinua mkono.

Wazee waliamua mama abaki na matawi, na mwenye shamba achukue vipande vya shina. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini shina lililokatwa urefu wa mkono haliwi tena mbao. Na wale wawili, ambao kila msimu walikuwa wakisaidiana kuchuma kahawa, msimu uliofuata kila mmoja alichuma peke yake.

Hebu tupime hasara hiyo. Paa la nyumba limepotea, na mkono wa jirani umepotea. Hodi moja ya asubuhi ingeokoa vyote viwili. Huenda mwenye shamba mwenyewe, au mkewe, angesema, "Chukua matawi yote, shina tuachie." Mama angepata kuni zilezile alizopata baadaye kwa kesi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloomba mlishike ni hili: uliza kabla ya panga kugusa. Ukiuliza baada ya kukata, hapo huombi tena, unajitetea.

Barabara ni ya nani?

Wengi wetu tunaamini kwamba kilichoanguka barabarani hakina mwenyewe. Tutazame.

Katiba yetu, kifungu cha 62, inahesabu barabara miongoni mwa ardhi ya umma. Ardhi ya umma ina mwenyewe, naye ni sisi sote kwa pamoja, na kwa sababu ni yetu sote ina wasimamizi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, KeRRA kwa za vijijini na KURA kwa za mijini. Barabara za kaunti husimamiwa na serikali ya kaunti. Ule ukanda wa nyasi na miti kati ya lami na fensi ya shamba ndio tunaouita hifadhi ya barabara. Miti iliyo humo inashika udongo usiporomokee mtaroni, na huku kwetu kwenye miteremko kila mtu ameona mvua ya Aprili inavyofanya mahali ambapo miti imeondolewa.

Sasa ukiwa umesimama pale na kamba yako, jiulize maswali matatu.

La kwanza: mti huu mizizi yake iko wapi? Kama mizizi iko ndani ya shamba, mti ni wa mwenye shamba, hata kama tawi limevuka fensi na kulala mtaroni. Upepo hauhamishi mali. Bisha hodi kwa mwenyewe.

La pili: mti umesimama au umelala? Mti uliosimama ndani ya hifadhi ya barabara, uwe mbichi au mkavu, usiukate bila ruhusa ya maandishi ya wanaosimamia barabara hiyo. Kama hujui ni barabara ya nani, nenda kwa chifu au kwa msimamizi wa wadi, atakuelekeza. Tafadhali pia msitumie ile mbinu ya kubambua gome kuzunguka shina ili mti ukauke, halafu baada ya miezi sita mtu aje kusema ameukuta mkavu. Tunaijua.

La tatu: nachukua kiasi gani, na kwa ajili ya nini? Vijiti vikavu vilivyoanguka, mzigo mmoja wa mgongoni au wa kichwani, kwa chungu cha nyumbani, ni jambo ambalo majirani huelewana kwa salamu tu. Ukija na mkokoteni, msumeno wa mashine au pikapu, hiyo tayari ni biashara. Kuni za kuuza zinataka ruhusa ya mwenye mti, na kabla ya kupakia gari pita ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS, uulize kuhusu kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Usimwambie mtu unaomba kuni za chai kisha zionekane sokoni Jumamosi.

Mahali penye utaratibu wake

Ziko sehemu ambazo salamu peke yake haitoshi.

Msitu wa serikali. Kwa wanaopakana na misitu kama ya Londiani na Tinderet, kuokota kuni kavu zilizoanguka kunaruhusiwa kwa leseni ya mwezi ya KFS, kwa ada ndogo na kwa mzigo wa kichwa. Jiungeni na vyama vya jamii vya misitu, maana Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inavitambua, na huko ndiko mnakoweza kupanga siku na njia za kuingilia. Ukipewa leseni, tembea nayo.

Mashamba makubwa ya chai na ya miwa. Wenye ndugu kule juu kwenye chai wanajua kwamba ile mistari ya mikaratusi, blugamu tunayoiita, ilipandwa kwa sababu. Viwanda vya chai hukausha majani kwa moto wa kuni, na kila gogo limehesabiwa. Hata hivyo baada ya magogo kuchukuliwa hubaki matawi na maganda, na mara nyingi msimamizi akiombwa vizuri hukubali watu waokote siku fulani. Nendeni mkiwa kikundi, mpeleke majina, mkubaliane siku na lango la kuingilia. Mtu mmoja akipenya usiku, lango hufungwa kwa wote.

Reli. Sisi wa Fort Ternan tumekaa na reli tangu ilipopita hapa ikielekea Kisumu, ilikofika mwaka 1901. Wakati huo injini zenyewe zilikula kuni, kwa hiyo milima hii imelisha moto kwa muda mrefu. Lakini ardhi ya reli si mahali pa kuokotea. Usipite na mzigo juu ya njia ya reli, wala usiguse mataruma ya mbao hata yakionekana yamechakaa. Kung'oa kifaa cha reli ni kuhatarisha maisha ya watu wasiokujua.

Chini ya nyaya za stima. Mafundi wa Kenya Power hupita wakikata matawi yaliyokaribia nyaya, kisha huyaacha chini. Matawi hayo ni ya mti uleule wa shamba lilelile, kwa hiyo bado utauliza. Na kama ni dhoruba iliyoangusha mti pamoja na waya, simama mbali. Waya ulio chini uhesabu kwamba una stima. Zuia watoto, zuia ng'ombe, piga 97771. Hakuna kuni za thamani hiyo.

Vitu visivyo kuni

Sasa niseme juu ya vitu vinavyofanana na kuni, lakini si vya kuokota.

Dereva wa lori la miwa likiharibika kwenye kona huvunja matawi mabichi na kuyapanga barabarani nyuma ya gari, hatua kwa hatua, ili wanaokuja wapunguze mwendo. Matawi yale ni taa ya yule asiye na taa. Ukiyaokota jioni, aliye nyuma ataliona lori akiwa tayari amelifikia. Usiyaguse lori likiwa bado lipo. Na wewe dereva, lori likishatengenezwa, yaondoe barabarani mwenyewe, kwa sababu usiku mwenye boda boda akiyakuta huanguka. Lori likiondoka bila kuyaondoa, hapo yeyote anayepita ayasogeze kando, na akitaka kwenda nayo nyumbani, tutamshukuru.

Nguzo za stima na vigingi vya fensi vilivyotiwa dawa, vile vyenye rangi ya kijani kibichi, vimelowekwa kwenye dawa ya kuzuia mchwa. Mara nyingi dawa hiyo ina aseniki, ambayo ni sumu. Moto hauiui, bali huitoa kwenye moshi na kuiacha kwenye majivu. Usipikie kipande cha nguzo, usikaushie mahindi kwa moshi wake, wala usitupe majivu yake kwenye sukumawiki. Mataruma ya zamani ya mbao nayo hupakwa dawa nyeusi ya lami, na moshi wake ni mbaya vilevile.

Fungu la kuni lililofungwa kamba au kupangwa vizuri kando ya njia lina mwenyewe. Huenda ni bibi aliyeshindwa kubeba yote kwa safari moja. Mtu akikosa imani kwamba atakuta fungu lake, atabeba mzigo uliozidi nguvu zake, na migongo ya mama zetu tayari imebeba vya kutosha.

Na kuna senetwet. Akina mama wa Kipsigis hapa wananielewa. Mmea huu wenye maua ya manjano huota sana kando ya barabara, na mkaa wake ndio unaosugua kibuyu cha mursik. Watu wawili watatu wakitaka vijiti, mmea unatosha. Lakini siku hizi mursik inauzwa hadi mjini, na nimeona vichaka vimekatwa hadi chini. Kata tawi, acha shina lichipuke. Afadhali zaidi, panda machache kwenye fensi yako. Mikuyu, ile mogoiywet na simotwet, wazee walituambia tusiichome. Hata asiyeifuata mila hiyo ajue kwamba mkuyu ni kuni duni lakini ni kivuli kizuri.

Namna ya kuomba

Wengine wataniambia, "Afisa, kuomba kunatia aibu. Mtu atasema nimeishiwa hadi kuni." Nitawajibu kwa historia ya hapa hapa.

Mnajua Fort Ternan inajulikana duniani kwa sababu ya vitu vilivyookotwa ardhini. Mwaka 1961 Louis Leakey alichimba hapa kwenye shamba la Fred Wicker, akapata mabaki ya nyani wa kale sana, wa miaka kama milioni 14 iliyopita. Mwaka 1962 akamwita Kenyapithecus wickeri. Sikilizeni hilo neno la mwisho. Mtaalamu mkubwa aliokota kitu kwenye shamba la mtu, na jina la mwenye shamba likabaki kwenye kitu chenyewe hadi leo. Kumtambua mwenye mahali hakukumpunguzia Leakey chochote. Na nikiwa hapo: eneo lile la kale si mahali pa kung'oa visiki. Ukiona mfupa uliogeuka jiwe, uache palepale, umwarifu chifu.

Basi kuomba kukoje? Nenda mchana, si usiku. Acha panga nje ya lango, bisha hodi, salimu kwanza. Kisha sema mambo manne waziwazi: kuni zipi, kiasi gani, lini, na nani atakuja. Kwa mfano: "Mama, hodi. Lile tawi lililoanguka karibu na kalvati ni lenu? Naomba mzigo mmoja kesho asubuhi. Nitakuja na binti yangu." Maneno yote hayo hayamalizi dakika moja.

Ukimkosa mwenyewe, mwambie jirani au mzee wa kijiji, usubiri. Mtoto mdogo akikuambia "chukua", hiyo bado si ruhusa. Kibarua aliyeajiriwa shambani naye, mwulize kama ana idhini ya mwajiri wake, usije ukamfukuzisha kazi kwa ukarimu wake.

Ukipewa, chukua ulichotaja. Uliomba mzigo mmoja, ondoka na mmoja. Usibuni kwamba ruhusa ya leo ni ya mwaka mzima. Fensi ukiifungua, ifunge. Majani na vijiti usivisukume mtaroni, kwa sababu kalvati likiziba maji hupanda lami na kuikata, na mwisho wa yote mzigo wako umeharibu barabara unayopitia. Shina kubwa usilikate mpaka mwenyewe aseme wazi ni la kuni au la mbao. Ukipanga mzigo, uweke mbali na lami, upande usio wa kona. Na ukiambiwa hapana, sema asante. Leo amekataa, kesho mti mwingine utaanguka.

Walimu, nina ombi kwenu. Mahali ambapo watoto huagizwa kuleta kuni shuleni, mtoto aliyechelewa hunyofoa fensi ya kwanza anayoikuta njiani. Agizeni wazazi, si watoto, na siku mbili tatu mapema, ili aombaye awe mtu mzima.

Kwa wenye mashamba

Nimesema na waombaji. Sasa nyinyi mnaoombwa, maana heshima ina miguu miwili.

Jibuni waziwazi. "Tutaona" si jibu. Mtu mwenye chungu jikoni ataligeuza liwe ndiyo. Sema ndiyo, au sema hapana, au sema matawi ndiyo na shina hapana. Ukisema ndiyo, usibadilike mtu akishafunga mzigo.

Usimlipishe mama kwa siku nzima ya palizi kwa sababu ya vijiti ambavyo vingeoza. Kama mnabadilishana kazi na kuni, mpatane kabla, na kila mmoja aridhike.

Mti wako ukianguka barabarani, kwanza toa njia kwa magari na wanafunzi. Kisha utie alama: funga kitambaa kwenye shina, au mwambie mzee wa kijiji kwamba unauhitaji. Ukiuacha wiki tatu bila alama, utawafanya watu wengi wajaribiwe.

Na ukimkuta mtu na kuni zako, mwite mzee wa kijiji, au chifu, au polisi. Usimpige, wala usiwaite vijana wampige. Mzigo wa kuni hukauka na kuungua siku moja, lakini aliyeumizwa kwa ajili yake ataumwa miaka, na aliyemwumiza atajibu mahakamani. Hakuna sheria wala mila ya Kipsigis, ya Kiluo, ya Kisii au ya Kikuyu, hapa ambapo sote tunaishi pamoja, inayosema kuni ni sawa na damu.

Nawaomba pia mfikirie ni nani anayebisha hodi. Mara nyingi ni yule ambaye hana mahali pengine. Tukimfukuza kwenye kila lango hataacha kupika. Atakuja usiku na panga kwenye mti mbichi, na hapo tutakuwa tumepoteza mti pamoja na mtu. Ukimruhusu mara moja moja, ukimjua kwa jina, huyo ndiye atakayekuamsha siku ng'ombe wa mtu wakiingia kwenye mahindi yako.

Kwa sisi wa serikali

Nisiwasahau wenzangu. Mtu yeyote akikusimamisha barabarani, awe amevaa sare au la, akadai pesa kwa sababu ya mzigo wa kuni, mwombe kitambulisho cha kazi na risiti. Malipo halali yana risiti. Kama umekosea, utaelezwa ni sheria gani na utapelekwa ofisini mchana. Noti ya mia inayopita dirishani haimfanyi mkosaji kuwa na ruhusa, wala haimlindi asiye na kosa asisimamishwe tena kesho. Ukidaiwa hivyo, andika siku, saa na mahali, ulete kwa chifu au kwa msimamizi wa wadi.

Jambo la mwisho. Ruhusa nzuri kuliko zote ni ile usiyohitaji kumwomba mtu. Mwenye robo ekari anaweza kupanda migrevilea kumi na miwili kwenye mpaka bila kuiba nafasi ya mahindi, na baada ya miaka michache akawa anapogoa matawi kila mwaka, na mti bado umesimama. Katiba, kifungu cha 69, inataka nchi ifikishe angalau asilimia 10 ya ardhi yenye miti. Asilimia hiyo haitatoka Nairobi, itatoka kwenye fensi kama zetu. Mvua ndefu zikianza, panda. Na unapopanda, panda mmoja wa ziada ukijua kwamba siku moja atakuja mtu mwenye kamba mkononi, asimame langoni, akuulize vizuri.

Siku hiyo nawe umjibu vizuri.